Mama wa Namna Hiyo

"Soma tena," wifi yake Fundi alisema. "Hapo pa mama. Na upandishe sauti, wa juu nao wasikie."

Jirani yetu wa juu, Gazeti, alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ndala miguuni, mkono mmoja mfuko wa taka, mkono wa pili ukurasa wa vitabu alioshikishwa kwa nguvu. Masikini alikuwa anashuka kutupa taka tu. Wifi alikuwa amemziba njia: upande huu ukuta, upande ule ukuta, katikati yeye, na yeye si mwembamba.

"Dada, nimeshasoma."

"Hukusoma, ulinong'ona. Soma."

Akasoma. Ni maneno yake mwenyewe, jina lake liko pale juu, lakini aliyasoma kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. "'Mwandishi anatutaka tuamini kwamba mama, ametoka kumzika mwanawe, anarudi nyumbani, anaketi kwenye cherehani na kumalizia gauni la harusi la mteja, bila chozi. Hatuamini. Mama wa namna hiyo hayupo. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tunashuku kwamba mwandishi huyu hajawahi kuzaa.'"

Milango ya jengo letu ina tabia ya kufunguka kidogo kidogo pakiwa na ugomvi, na siku hiyo hapakuwa na mlango uliofungwa. Lakini hakuna aliyecheka.

"Hajawahi kuzaa," wifi akarudia. "Ulijisikiaje ulipoandika hapo?"

Gazeti akafikiri. Ndiyo tabia yake, ukimwuliza swali la kumchoma yeye analijibu kama swali.

"Sikujisikia kitu," akasema.

Na mimi namwamini. Nilikuwa mlangoni kwangu, kitana mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa nusu. Saluni yangu iko chini kabisa, mkabala na chumba cha Fundi, kwa hiyo hakuna kinachopita kwenye ngazi zile bila kupita masikioni mwangu kwanza. Wanasema mimi mmbeya. Mimi nasema kichwa cha mtu ukikishika nusu siku, kilichomo lazima kitoke.

Sasa ili uelewe ugomvi wenyewe, lazima ujue kwamba jengo letu halina majina. Mtu anahamia na jina lake zuri alilopewa na wazazi, wiki haiishi ameshavuliwa. Anayeshona ni Fundi. Anayesuka ni Msusi, ndiye mimi. Yule wa gazetini ni Gazeti, na mkewe ni Mama Gazeti ingawa hawana mtoto. Wanaoleta barua wanalia. Mimi mwenyewe siku moja niliitwa jina langu la kweli na mtu wa serikali, nikageuka kumtafuta anayeitwa.

Gazeti kazi yake ni kusoma vitabu vipya na kuvisema. Kila Jumamosi anapewa ukurasa, na kila Jumamosi lazima vitoke vitabu vitatu: cha hadithi, cha mashairi, na cha mambo ya kweli. Wachapishaji humletea kabla havijavaa jalada, karatasi zimebanwa tu, mbele kuna jina la kitabu na jina la mwandishi, basi. Nyumbani kwake kuna meza na viti vitatu, na viti hivyo si vya kukaliwa. Kimoja cha riwaya, kimoja cha diwani, kimoja cha ukweli. Mkewe anakula amesimama kama mlinzi wa benki. Wiki ikiisha viti vinapakuliwa, wiki ikianza vinapakiwa.

Wiki hiyo kiti cha mashairi kilikuwa na diwani ya kijana mmoja aliyevunjika goti, mashairi yote ni goti. Kiti cha ukweli kilikuwa na kitabu cha mhandisi kuhusu jinsi madaraja yanavyochoka. Kiti cha riwaya kilikuwa kitupu, na kesho yake ndiyo siku ya kupeleka kazi. Ndipo likaletwa bunda lile. Akafunua ukurasa wa kwanza, akakuta umeanza hivi: "Asubuhi ile jua liliingia bila hodi." Akasema, hii riwaya. Akaliweka kwenye kiti kitupu.

Na namna yake ya kusoma, aliyonieleza mkewe, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, ni hii: anasoma mwanzo, anasoma mwisho, kisha anatia kidole gumba katikati na kusoma pale kilipoingia. Mpishi, husema, hamalizi sufuria ili ajue chumvi. Zamani hakuwa hivyo. Zamani, mkewe aliniambia, alikuwa anasoma mpaka anamwamsha amsomee na yeye, na walikuwa wanalia wote wawili kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Siku hizi anafunua kurasa kwa uso wa mtu anayengoja zamu yake kwa daktari wa meno. Viti vinajaa, viti vinapungua. Akiulizwa kitabu kizuri, anajibu, "Kinasomeka."

Basi kidole gumba kikaingia kwenye gauni la harusi.

Jina lililokuwa mbele ya bunda lile hakulijua. Angelijuaje? Hakuna aliyelijua. Ni jina la Fundi, la kwake la kuzaliwa, la kwenye vyeti. Miaka yote amekuwa akimpelekea suruali zake, na hata siku moja hakuwahi kuuliza anaitwa nani. Na mimi siwezi kumcheka, kwa sababu mimi mlango wangu unatazamana na wa Fundi na nililijua jina hilo siku kitabu kilipotoka. Nilijua anaandika. Alikuwa anaandika nyuma ya zile karatasi za kukatia mitindo, mgongo wa koti, mkono wa blauzi, kati ya mteja na mteja. Nilipomwuliza anaandika nini alisema, "Namwandikia mtoto." Wifi yake, ambaye ni mpiga chapa kwenye ofisi ya shule, akayapiga yote.

Niseme kuhusu wifi. Huyo ni dada wa aliyekuwa mume wa Fundi. Kaka mtu aliondoka zamani, dada mtu akabaki. Fundi husema alipata hasara kwa mume akafidiwa kwa wifi. Ndiyo maana pale kwenye ngazi alikuwa anapigana kama mwenye kitabu, na mwenye kitabu mwenyewe alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, cherehani inakwenda.

Gazeti alikuwa bado hajaelewa. "Dada," akasema, "mwandishi wa kitabu ni nani yako?"

Wifi alitoa simu, akaifungua, akamshikishia mbele ya pua. Ilikuwa picha ya ukurasa uleule, mstari wa mama asiyekuwepo umezungushiwa kalamu. Chini yake aliyetuma alikuwa ameandika maneno mawili: *Hata wao.*

"Aliyetuma hii ni binti ya Fundi," wifi akasema. "Mtoto wa kaka yangu. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya watu, kiliandikwa asome yeye. Ninyi wengine wote ni wapita njia."

Hapo ndipo Gazeti alipogeuza shingo kuutazama mlango wa Fundi.

Habari yenyewe kila mtu wa zamani hapa anaijua. Fundi alikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana. Mvulana alishikwa na homa, hakukaa nayo sana, akafa. Walipotoka kumzika, watu wamejaa chumbani na kwenye korido, Fundi alivua viatu, akaketi kwenye cherehani, akashona. Kulikuwa na gauni la bibi harusi. Watu waliongea. Wengine walisema wazimu, wengine walisema moyo wa jiwe, na mimi nilikuwapo, nilisikia yote. Chozi hakulitoa siku ile wala baada ya siku ile. Binti alikuwa mdogo, shule ya msingi. Alikua na neno hilo kooni. Alipomaliza masomo akahama, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya macho ng'ambo ya mji, na hakurudi tena. Shangazi yake anamjibu. Mama yake akipiga simu inaita mpaka inachoka.

Alipoambiwa kuna kitabu, alisema atangoja aone wenye akili zao watakisemaje. Ndiyo hivyo wakasema.

Gazeti aliweka mfuko wa taka kwenye ngazi, akashuka, wifi akampisha. Akasimama mlangoni kwa Fundi. Mimi nikasogea, kwa sababu ya mwanga.

Fundi aliinua macho, akaona ni nani, akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Suruali yako iko tayari," akamwambia. "Nimeipunguza pindo. Njoo uchukue."

Gazeti akaingia, akachukua suruali. Akasimama nayo.

"Fundi, kitabu ni chako?"

"Ndiyo."

"Na ni kweli?"

"Ipi?"

"Yote. Gauni."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Kama itakubana nitaiachia kidogo."

Akapanda ngazi na suruali yake. Taka alikuja kuzitupa mkewe.

Jumatatu alikwenda kwa mhariri wake. Mhariri alisikitika kama watu wa ofisini wanavyosikitika, akasema makosa yana mahali pake, na mahali pake ni chini ya chemshabongo. Jumamosi iliyofuata likatoka, herufi za mchwa: kitabu tulichokiita riwaya wiki iliyopita si riwaya, ni kumbukumbu za kweli za mwandishi, tunaomba radhi.

Sasa ungefikiri imetibu. Ikaharibu. Maana wiki ya kwanza gazeti lilisema mama wa namna hiyo hayupo. Wiki ya pili likasema yupo. Na watu wa mtaani, ambao hawajawahi kusoma ukurasa wa vitabu tangu waumbwe, ghafla wote ni wasomaji. Walipita wakichungulia kwa Fundi kama mtu anayechungulia shimo. Mwanamke mmoja aliyeleta kitambaa cha nguo za wasimamizi wa harusi alikuja kukichukua, akasema shughuli imeahirishwa, na sote tunajua haikuahirishwa. Mwingine alikuwa kwenye kiti changu, namsuka, akaanza: mimi mwanangu akikohoa tu silali, sembuse. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa. Nikamfuta mabega, nikamwambia nusu iliyobaki akasukwe na mwenye uchungu.

Nilikwenda kumwambia Fundi hivyo, nikidhani atacheka. Alikuwa anatoa pini kwenye shingo ya blauzi, moja moja, anazichomeka kwenye kimto.

"Kichwa cha mtu utakiacha hivyo?" akasema.

Nikamwuliza hakasiriki. Nikamwambia mimi ningekuwa yeye ningepanda kule juu nikavunje vile viti. Akanisikiliza vizuri. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia miaka yote ya kutazamana milango. Alisema, unajua mguu ukiukalia unavyokufa ganzi. Unaugusa, ni wako, lakini ni kama wa mtu mwingine. Basi ndivyo. Alisema mwanzoni alikuwa anangoja uamke. Siku hizi anautembelea hivyohivyo.

"Na yule mtoto?" nikamwuliza.

Pini ikabaki mkononi. "Yule nilitaka asome," akasema. "Kuamini ni juu yake. Lakini nilitaka asome. Sasa hatasoma." Akaichomeka pini, akavuta kitambaa kingine. Uso haukubadilika hata unywele. Mimi ambaye hulia kwenye matangazo ya sabuni nilirudi saluni kwangu nikakaa kwenye kiti cha wateja, macho makavu, sijui nifanye nini na mikono.

Gazeti akashuka tena siku nyingine mchana, na kitabu, sasa kimeshavaa jalada. Akaomba kukaa. Fundi akamwonyesha benchi la wateja. Akakaa akasoma. Alianzia mwanzo, na sikuona kidole gumba kikiingia popote. Alikuja kesho yake tena, na keshokutwa, anakaa mahali palepale, Fundi anashona, Gazeti anasoma, hakuna anayemsemesha mwenzake. Wateja wakidhani anangoja nguo. Nilipita mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu. Uso wake ulikuwa uleule wa daktari wa meno, ila siku moja nilimwona amesoma ukurasa, akafunua, kisha akarudi nyuma kuusoma tena.

Ukurasa huo mimi nimeusoma baadaye, na ni huu: "Mikono ilikuwa na kazi, nikaiachia. Nilikuwa naitazama kama mikono ya fundi mwingine. Ilipofika kwenye pindo nikaona inashona vizuri, nikafurahi kidogo. Kisha nikakumbuka."

Alipomaliza kitabu akakifunga juu ya magoti.

"Umeandika bibi harusi alituma mtu kusema anaweza kungoja," akasema. "Kwa nini hukumngojesha?"

"Nilikuwa nimeahidi," Fundi akasema. Akakanyaga cherehani, akafika mwisho wa mshono, akakata uzi. "Na ningesimama, ningefanya nini?"

Gazeti akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Sura hii sikuisoma. Nilisoma mistari yake michache nikaandika."

"Najua. Anayesoma haulizi kama nimezaa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma vipimo kwenye futi.

Gazeti akarudi kwa mhariri kutaka nafasi akihakiki upya. Mhariri akamwambia gazeti halihakiki kitabu mara mbili, kama ambavyo refa harudishi mechi kwa sababu usiku ameota ilikuwa penalti. Jumamosi hiyo Gazeti akapeleka vitabu viwili tu badala ya vitatu, akasema cha tatu hana. Pale mahali pa cha tatu wakaweka tangazo la magodoro.

Ndipo akaenda ng'ambo ya mji. Hii ninayo kwa mkewe, na mkewe anayo kwake mwenyewe, kwa hiyo haijapita mikono mingi. Anwani ya kliniki alipewa na wifi, ambaye alimpa kwa sharti asifungue mdomo wake kuhubiri. Alifika, akakaa kwenye foleni na wagonjwa, watu wenye pamba jicho moja. Zamu yake ikafika. Binti akamwuliza macho yamefanyaje.

Akasema macho hayana neno. Akasema yeye ndiye aliyeandika gazetini kwamba mama wa namna hiyo hayupo.

Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, ya kuomba radhi, ya kueleza kiti kitupu na kidole gumba. Hakuyahitaji. Binti aliacha kalamu akamtazama, akasema, "Wewe ndiye? Asante."

"Asante ya nini?"

"Tangu utoto naambiwa siku ile mama yangu alikuwa na uchungu, ila hauonekani. Nikaambiwa mimi ndiye sioni. Wewe mtu baki, humjui, ukasoma, na wewe hukuuona."

Gazeti alisimama pale na foleni nyuma yake inaguna. Mkewe alimwuliza ulijisikiaje, akasema miaka yote ya kuandika hakuna msomaji aliyewahi kumshukuru, na hiyo moja aliyoipata aliibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisichokuwa chake.

Lakini kabla hajatoka alimjibu. Alisema, "Mimi sikusoma. Ndiyo habari niliyoleta. Niliandika bila kusoma." Akaweka kitabu kwenye kaunta. Binti akasema chukua kitabu chako. Akasema si changu. Akatoka.

Siku hiyo, Mama Gazeti aliniambia, alirudi akaviondoa vitabu kwenye vile viti akavipanga sakafuni, na yeye mkewe, kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kiti cha mashairi. Akasema hakina lolote, kinauma mgongo.

Zikapita siku. Simu ya wifi haikuleta neno. Picha haikuja, maneno mawili hayakuja. Wifi alikuwa anaitazama simu kama sufuria ya maziwa. Fundi hakuuliza. Alipata kazi ya mapazia ya hoteli fulani, mapazia ambayo hayajui kusoma gazeti, akawa anashona mita na mita za kitambaa cha kijivu kuanzia asubuhi. Chumba kilijaa kijivu. Mtaa nao ulianza kuchoka; wakamhamia mwenye duka aliyefumaniwa.

Sasa ile siku, ilikuwa mchana wa saa ya kula. Kwa Fundi huwa tunakula wengi, mimi naleta changu, wifi akiwa hana kazi analeta chake, tunasukuma mapazia upande mmoja na kutandaza sahani juu ya meza ya kukatia, ile kubwa yenye alama za chaki. Nilikuwa naeleza habari ya mwenye duka, na kwa unyenyekevu wote niseme nilikuwa naieleza vizuri, wifi anajishika mbavu, hata Fundi alikuwa ameacha kijiko hewani anasikiliza.

Wifi akanyamaza katikati ya kicheko. Nikageuka.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na sare ya kliniki, koti jeupe limekunjwa mkononi, na kitabu. Kitabu kilikuwa kimevimba kama kitabu kinavyovimba kikisomwa, pembe zimekunjwa huku na huku. Shingo ilikuwa imenyooka, mama mtu mtupu. Mara ya mwisho nilipomsuka alikuwa hafiki kwenye kioo.

Hakusalimia. Alifungua kitabu palipokunjwa pembe.

"Umeandika nilikuwa kwa jirani," akasema.

Alikuwa anasema na mama yake. Sisi wengine tulikuwa fanicha.

"Ndiyo," Fundi akasema. Alikuwa amekitua kijiko. "Nilikupeleka usione watu wakilia."

"Nilirudi. Wote mlikuwa makaburini, mlango ulikuwa wazi, nikarudi." Akaonyesha kwa kitabu, chini, kwenye miguu yetu. "Nilikuwa hapo chini ya meza, kwenye vipande vya vitambaa. Ulipoingia nilikuwepo, na ulipovua viatu, na muda wote uliposhona. Nilikungoja uiname."

Wifi akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Fundi alirudisha kiti nyuma. Akainama, kweli akainama, mkono umeshika ukingo wa meza, akaangalia chini pale palipokuwa na miguu yetu na vumbi la mapazia. Alipoinuka uso ulikuwa uleule, mkavu, umepauka kidogo kwa damu iliyoshuka.

"Sikuinama," akasema.

"Hukuinama."

"Sikujua uko hapo."

"Najua hukujua. Nimesoma." Binti alikifunga kitabu. Na yeye hakuwa analia. Nilimtazama vizuri, kwa sababu mimi kazi yangu ni nyuso na vichwa, na nikaona ni uso wa mama yake uleule, kama mtu aliyechukua karatasi ileile ya mtindo akaikatia kitambaa kipya. "Lakini umekosea. Umeandika kati ya watu wote wale ulikuwa peke yako na cherehani, na hukuwa peke yako."

"Nimekosea," Fundi akasema.

"Wakichapa tena urekebishe."

"Nitarekebisha."

Kule juu Gazeti alikuwa anaburuta kiti, tulimsikia. Binti alikuwa bado hajavuka kizingiti, mguu mmoja umegeukia korido, kama mgonjwa aliyesahau alichofuata. Fundi alimtazama ule mguu. Kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la sahani, akachukua ya juu, akaipangusa kwa upindo wa aproni yake ingawa ilikuwa safi, akaiweka upande wake mwenyewe wa meza.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Sogea, wifi," Fundi akasema, huku ameshaanza kupakua. "Na wewe usisimame mlangoni, chakula kinapoa. Ingia ule."